Ukurasa wa Kwanza wa Daftari

Haya ni maneno niliyoyasema Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, mbele ya wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, wazazi na watu wanaoishi na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Waliokosa nafasi, pamoja na waliozuiwa na mvua upande wa Karugutu, wameniomba niyaandike yote. Nimeyaacha karibu kama yalivyonitoka mdomoni.

Mgeni rasmi, viongozi wa wilaya, wauguzi wenzangu, wazazi, na ninyi mashujaa mnaoishi na sikoseli mlioketi kule nyuma karibu na madirisha, hamjambo?

Nimesikia "hatujambo" ya mbele tu. Wa nyuma, hamjambo?

Ahsanteni. Nimeambiwa nizungumze Kiswahili, na sababu mnaiona wenyewe. Humu ndani kuna Waamba, kuna Wabwisi, kuna Wakonzo, kuna Watoro walioshuka mlima asubuhi hii, na kuna ndugu zetu waliovuka mto Lamia kutoka Kongo. Nikishika lugha moja ya nyumbani, nusu ya ukumbi itabaki inahesabu mabati. Kiswahili chetu si cha Unguja, mtanisamehe. Lakini ndicho tunachouziana kakao, na kama kinatosha kupatana bei, kitatosha kuelezana maumivu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka 27 nimekuwa wodini, mingi kwa watoto, michache kwa wakubwa. Nimealikwa nieleze namna ya kumhudumia mtu mwenye sikoseli huku yeye mwenyewe akiwa katikati ya huduma. Maneno mazuri hayo. Nimeyasikia kwenye semina nyingi, semina zenye soda na posho, nikayaandika, nikaenda nayo nyumbani, yakalala kwenye begi. Siku yaliponiingia kichwani hapakuwa na semina. Ilikuwa usiku, mvua inanyesha, mbele yangu yuko binti wa miaka 14, na mkosaji nilikuwa mimi.

Hospitali siitaji jina. Majengo hayakufanya kosa.

Boda ilisimama mlangoni, akashushwa binti amejifunga kanga mbili juu ya sweta ya shule. Mama yake nyuma, ameshika mwavuli uliovunjika mbavu. Binti alikuwa halii. Alikaa kwenye benchi akawa anaimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kanisani, ubeti mmoja tu; ukiisha anauanza upya. Mkononi alikuwa na daftari. Mnalijua, lile daftari la shule la kurasa 96 ambalo sisi huku Uganda tunalinunua dukani kabla ya kwenda kumwona daktari, ili aandike humo. Akanipa. Akasema, "Sista, maumivu yangu yamefika 9. Dawa inayonisaidia imeandikwa ukurasa wa kwanza. Na mshipa unaopatikana ni huu wa mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba."

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri, mtoto huyu anajua mno. Nilifikiri, mtu mwenye maumivu ya 9 kwenye 10 haimbi. Nikafikiri, Mungu anisamehe, huyu amezoea sindano. Nikampa vidonge viwili vya Panadol, nikamwambia akae kwenye foleni. Daftari sikulifungua. Nililiweka chini ya mashine ya kupimia presha, nikaendelea na mambo yangu.

Alingoja zaidi ya saa tatu. Nilipomfikia, nikamchoma mkono wa kulia. Mshipa ukapasuka. Nikachoma tena, ukapasuka. Mara ya nne ndipo mama yake, ambaye hakuwa ametamka neno tangu waingie, alipolichukua daftari pale nilipoliweka, akalifungua, akanishikia mbele ya uso kama mtu anayemshikia mwenzake kioo. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na jina la dawa, kipimo chake, mshipa, kundi la damu. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa kitoto: *Nikiimba, usidhani sijambo.*

Siku ya tatu, alipopata nafuu, nilikwenda kitandani kwake kuomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sista, wewe ulikuwa unanipima kwa machozi. Machozi yangu niliyamaliza nikiwa praimari ya tatu."

Wauguzi wenzangu, nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo? Mbona mnatazama chini?

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tunaisema methali hii harusini, tunaisema kwenye magomvi ya wakwe, lakini wodini, mahali penye vitanda vyenyewe, tunaisahau.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, maana hapa tulipo si mahali pa kawaida kwa habari ya ugonjwa huu. Mwaka 1949 wataalamu wawili, Lehmann na Raper, walichapisha matokeo ya kupima damu za makabila ya Uganda. Walikuta kwamba Waamba, watu wa bonde hili hili, karibu 45 kati ya kila 100 walikuwa wamebeba chembe ya sikoseli, yaani chembe ya urithi. Arobaini na tano! Miaka mitano baadaye, 1954, Anthony Allison akaonyesha sababu: anayebeba chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imebaki kwetu, watu wa bonde lenye mbu. Aliyebeba moja anaponea, aliyebeba mbili anaumwa. Malaria tuliilipia kwa watoto wetu.

Nikawa najiuliza. Damu ya babu zetu imesomwa vyuo vikuu dunia nzima zaidi ya miaka 70. Wamehesabu, wamechora ramani, wamepata heshima. Ni nani katika miaka yote hiyo aliyemuuliza bibi wa Bundibugyo: mama, usiku mtoto akiamka anapiga kelele, wewe hufanya nini?

Sisemi utafiti ni mbaya, na mtaona baadaye kwamba utafiti uliofanyika Uganda umetuletea neema. Hata ule wa kitaifa, uliopima sampuli 97,631 za watoto na kutoa majibu mwaka 2016, ulitusaidia kujua ukubwa wa jambo: 13.3 kati ya 100 wamebeba chembe, na 0.7 kati ya 100 wana ugonjwa wenyewe. Ninachosema ni kwamba kuhesabu si kuuliza.

Kwa VHT, yaani wahudumu wa afya wa vijijini, na wazazi walio wapya, nieleze kwa ufupi. Vitabu vinauita selimundu, sisi tunasema sikoseli, ndugu zetu wa Kongo wanasema SS. Ni kitu kile kile. Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima ni ya mviringo na laini, inapita popote. Ya mwenye sikoseli, ikipungukiwa na oksijeni, inajikunja kama mundu na kuwa ngumu. Mmeona mto ukifurika kutoka mlimani unavyoleta magogo? Gogo moja linanasa kwenye daraja, la pili linanasa juu yake, maji yanasimama. Ndivyo inavyokuwa ndani ya mfupa, ndani ya mapafu, hata ndani ya ubongo. Sehemu iliyonyimwa damu inalia. Hiyo ndiyo kraisisi. Na chembe nzima huishi siku 120 hivi, hii yenye umbo la mundu huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto anapauka, macho yanakuwa ya njano, na majirani wanaanza kunong'ona.

Nirudi kwenye maumivu, kwa sababu ndipo tunapoharibu zaidi.

Mwenye kraisisi akifika, asikae kwenye foleni ya wenye kikohozi. Miongozo ya Uingereza inataka apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike. Ya Marekani inasema ndani ya saa 1. Mtaniambia, sista, hao wana madaktari, sisi tuko wawili kwa wagonjwa 60. Najua. Nilikuwa mmoja wa hao wawili. Lakini nawauliza: kutazama daftari kunahitaji madaktari wangapi?

Baada ya yule binti, sisi wodini tulifanya kitu cha kijinga kabisa. Tulichukua boksi la glavu, tukalikata vipande, tukavipaka rangi nyekundu ya kucha. Rangi ilikuwa yangu, na mume wangu alidhani nimepata mambo mengine. Mlinzi wa getini tukampa vile vipande. Mtu akishuka akasema "mimi ni sikoseli, nina maumivu", anapewa kipande, anapita moja kwa moja. Mlinzi huyo hakusoma zaidi ya praimari ya tano. Alipunguza muda wa kungoja kuliko semina zote nilizohudhuria.

Kisha dawa. Hapa kuna hofu, na tuiseme. Tunaogopa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Tunasema atazoea, atakuwa mlevi. Lakini ni nchi gani iliyotangulia katika jambo hili? Ni Uganda! Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa mahututi na kuwapunguzia maumivu, na kutoka hapo tukajifunza kutengeneza mofini ya maji, ya kunywa, yenye bei ndogo, inayotiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe. Mwaka 2004 sheria ikamruhusu muuguzi na afisa tabibu aliyesomea huduma ya kupunguza maumivu aandike mofini mwenyewe, bila kumngoja daktari. Watu wametoka nchi nyingine kuja kujifunza kwetu. Halafu sisi wenyewe, mtoto anasaga meno, chupa iko kabatini, ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kula chakula cha mchana!

Ndiyo, mofini inahitaji uangalifu. Mhesabie pumzi, mtazame usingizi wake, mpe maji, mpe dawa ya kulainisha choo. Na ukishampa, rudi baada ya nusu saa umuulize tena. Muulize ilikuwa ngapi, sasa ni ngapi. Mtoto mdogo mchoree nyuso, wa kwanza anacheka, wa mwisho analia, aguse mwenyewe. Usimguse wewe kwa niaba yake. Muulize. Na akisema maumivu haya si yale aliyoyazoea, simama hapo hapo. Akisema kifua kinabana, akisema mkono umelegea, akisema kichwa kinauma kuliko siku zote, hiyo si kraisisi ya kila siku, ni dharura. Mwenyewe ndiye wa kwanza kujua tofauti, kabla ya kipimo chochote.

Mzazi mmoja ameniuliza wakati wa chai kama kuna dawa. Ya kuponya kabisa kwa mtu wa kawaida wa hapa, bado. Kuna kupandikiza uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa, ambako ni ghali na kunahitaji mtu wa kulingana naye. Lakini kuna haidroksiyurea, na hii nataka kila mtu aondoke anaijua jina.

Mmeona kwamba mtoto wa sikoseli akizaliwa anakuwa mzima, anacheka, ananenepa, matatizo yanaanza karibu na miezi 6? Ni kwa sababu amezaliwa bado ana hemoglobini ya tumboni (hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu), na hiyo haijikunji. Inapokwisha, mundu unatokea. Haidroksiyurea inauamsha mwili uitengeneze tena ile hemoglobini ya utotoni. Zamani tuliambiwa, hiyo ni ya Wazungu, Afrika kuna malaria, itawaua watoto. Basi wakajaribu hapa hapa. Hospitali ya Mulago, Kampala, walifuatilia watoto zaidi ya 200, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba malaria haikuongezeka. Mwaka 2019 yakatoka majibu ya nchi nne, Angola, Kongo, Kenya na Uganda, upande wetu ukiwa Mbale. Watoto 606 walianza dawa. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria ilipungua kwa nusu. Kuongezewa damu kulishuka hadi theluthi moja hivi ya kulivyokuwa. Na vifo, ndugu zangu, kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka.

Miongoni mwa hao walikuwamo watoto wa mama wa Mbale na wa Kampala waliokubali watoto wao wapimwe kila mwezi. Tuwapigie makofi.

(Makofi yalikuwa marefu. Mzee mmoja alisimama.)

Lakini hata dawa nzuri inaweza kutolewa vibaya. Nilimjua mama aliyepewa haidroksiyurea akaambiwa "mpe kila siku, rudi tarehe fulani kupima damu". Hakurudi. Kwenye faili tukaandika: *mzazi mzembe*. Siku moja nikakutana naye sokoni Nyahuka, anaanika kakao kwenye turubai. Nikamuuliza, mara ya kwanza kumuuliza, kwa nini hukurudi? Akasema, "Sista, tarehe mliyonipa ni siku ya soko. Nisipouza siku hiyo, nauli ya kuja kwenu naitoa wapi?" Tulibadilisha tarehe. Basi! Hatukubadilisha dawa, hatukubadilisha mama. Neno "mzembe" nililifuta mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Nihamie kwenye majibu ya maabara. Siku hizi mtoto mchanga anachomwa kisigino, tone la damu linakaushwa kwenye karatasi, pikipiki ya sampuli inalichukua, linafika Kampala kwenye maabara kuu. Mpango mzuri. Njia ni ile ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima watoto wa mama wenye virusi vya UKIMWI, wakaona kwa nini isibebe na hii. Lakini karatasi inaporudi, inarudi kwa nani?

Kuna mtoto ambaye jibu lake lilirudi akiwa na wiki 10. Likawekwa kwenye droo. Mama alikuja chanjo ya wiki 14, akapita hatua kumi kutoka ile droo, akachanjwa mtoto, akaenda. Mtoto alipofika miezi 8 mikono ikavimba, miguu ikavimba, vidole kama ndizi ndogo. Wanawake waliokaa hapa mnaijua dalili hiyo. Bibi akasema mtoto amerogwa. Wakampeleka kwa mganga, akachanja chale nyuma ya kila kiganja, tatu huku, tatu huku. Mwezi wa 9 mama akaja kwa chanjo ya surua. Muuguzi kijana, mwenye macho, akaziona zile chale. Hakumfokea mama. Akauliza, "Mikono ilikuwa imevimba?" Kisha akaenda kwenye droo.

Mtoto yule yuko hai. Lakini miezi saba jibu lilikaa gizani, na miezi saba hiyo ndiyo angekuwa ameanza penisilini ya kumlinda na maambukizi na dawa ya kumkinga na malaria. Kwenu ninyi mnaokaa na droo kama hizo: jibu halijafika mpaka lifike kwa mama. Simu haipatikani? Mpe VHT. VHT anajua nyumba, anajua hata mbwa wa nyumba hiyo anaitwa nani.

Na likifika, litasemwaje? Hapa naomba watu wawili. Baba mwenye shati la buluu, njoo. Na wewe mama wa kitambaa cha njano. Msiogope, siwaozeshi.

Baba, chukua punje moja ya kakao na punje moja ya buni, weka mfukoni. Mama, na wewe vivyo hivyo. Kakao ni chembe nzima, buni ni chembe ya sikoseli. Hawa wawili wanaumwa? Hawaumwi. Wanalima, wanacheza mpira, hawajui chochote. Sasa wewe kijana njoo uchote, moja kwa baba, moja kwa mama, bila kuchungulia.

(Alichota kakao na buni.) Huyu kama wazazi wake, amebeba tu. Rudisheni mifukoni! Chota tena. (Buni na buni.) Huyu anaumwa. Rudisheni. Chota. (Buni na buni tena, ukumbi ukaguna.)

Mmeguna kwa nini? Mlidhani mmoja akishaumwa, watatu wanaofuata wamesalimika? Hapana. Punje zinarudi mfukoni kila mimba. Kila mimba ni moja kwa nne, upya. Nimeona familia zimepata watoto watatu wote wagonjwa, na familia zimepata sita wote wazima.

Na sasa swali langu kwa akina baba. Mtoto aliyepata buni mbili, moja imetoka kwa nani? Na ya pili? Basi nani amwambie mkewe "kwetu ugonjwa huu haupo, umeutoa kwenu"? Nimeona wanawake wamerudishwa kwao na watoto mgongoni kwa sababu ya muuguzi aliyetoa jibu kwa mama peke yake, mlangoni, akiwa amesimama, watu wanapita. Kaa chini. Funga mlango. Mwambie mama aje na baba, na kama baba hataki kuja, mwandikie barua ya heshima. Punje hizi za kakao na buni zinatosha kwenye mfuko wa koti lako.

Naona mratibu ananionyesha saa. Nitakimbia kidogo.

Walimu mlioko hapa: figo za mwenye sikoseli haziwezi kubana maji. Anakunywa sana na anakojoa sana, hata usiku. Mtoto huyo bwenini anaitwa kikojozi, anaamshwa alfajiri, anafuliwa shuka mbele ya wenzake na kuogeshwa maji ya baridi. Na maji ya baridi ndiyo yanayomwingiza kwenye kraisisi! Tunamwadhibu kwa ugonjwa, na adhabu inamletea ugonjwa. Mwalimu mmoja wa hapa jirani alifanya jambo dogo. Alimruhusu mwanafunzi wake aweke chupa ya maji juu ya dawati na atoke bila kunyoosha mkono. Muhula ule mtoto hakukosa mtihani hata mmoja.

Na vijana wa kiume. Wamama naomba mnivumilie. Kuna maumivu yanayompata kijana mahali ambapo hasemi: uume unasimama wenyewe, haurudi, unauma. Magogo yale yale ya mto. Ukizidi muda wa saa 4 unaweza kuharibika kabisa. Nilimkuta mmoja wa miaka 17 amekaa wodini tangu alfajiri, amejifunika blanketi, kila muuguzi anamuuliza "unaumwa wapi", anasema "mgongo". Nani angemwambia? Sote tulikuwa wanawake wa umri wa shangazi zake. Mfagizi wa wodi, mwanamume, ndiye aliyeketi naye akamwuliza taratibu. Mficha uchi hazai, kweli, lakini sisi tuliompa kila sababu ya kuficha tulikuwa wapi? Waelezeni wavulana mapema, wakiwa na miaka 10, 12, kabla halijatokea. Na akifika, atafutiwe mwanamume wa kuzungumza naye, hata kama ni mfagizi.

Jambo la mwisho ni lile daftari.

Yule binti aliyekuwa anaimba ni mtu mzima sasa, na ameniruhusu nisimulie. Alipofika miaka 18 wodi ya watoto ikamuaga. Akaingia kwa wakubwa, ambako hakuna anayemjua, na usiku wa kwanza aliambiwa maneno yale yale niliyomwambia mimi. Kilichomwokoa ni ukurasa wa kwanza. Daktari kijana aliufungua, akausoma wote, akasema, "Basi tuanze kwenye mkono wa kushoto." Amenieleza kwamba alilia hapo, baada ya miaka mingi, na si kwa maumivu.

Nimemuomba anipe maneno ya ukurasa ule, akanipa. Jina, na jina unalopenda kuitwa. Aina ya ugonjwa na kundi la damu. Dawa za kila siku. Dawa ya maumivu inayokusaidia na kipimo chake, na iliyokudhuru. Mshipa unaopatikana. Maumivu yako ya kawaida hukaa wapi, na yapi si ya kawaida kwako. Nani apigiwe simu. Halafu mstari mmoja wa mwisho unaouandika wewe, unavyotaka, jambo ambalo muuguzi hawezi kuliona kwa macho. Yeye aliandika habari ya kuimba. Mwingine ameandika, "Nikinyamaza sana, ita mtu." Mtoto mmoja wa miaka 9 ameandika, "Naogopa sindano lakini sipigi mateke."

Ndugu zetu waliovuka na watoto bila karatasi yoyote, anzeni upya hapa, kwa lugha yoyote mnayoijua. Asiyejua kuandika, kijana wake amwandikie akiwa anamsikiliza, wala asimsahihishe.

Madaftari yapo pale mezani, karibu na birika la chai. Tumenunua 120, kalamu zipo. Mashujaa wa nyuma, njooni ninyi kwanza. Wauguzi, kila mmoja akae na mmoja, na mkono wako usishike kalamu mpaka akuombe.